Marinda Mia Nne

Mtaa mzima ulimwita Kimya, na si kwa sababu alikuwa hasemi. Alisema sana, ila kwa kunong'ona. Miaka kumi na miwili ya kukaa nyuma ya meza ya maktaba ilikuwa imemla sauti hadi ikabaki ya kutosha sikio moja tu. Hata sokoni alinunua nyanya kama mtu anayetoa siri ya jirani. Kwa hiyo Jumatatu ile, alipoingia kwenye chumba cha udobi amebeba beseni lililofunikwa shuka, Mama Pasi alidhani kuna msiba.

"Dada," akanong'ona, "una nafasi?"

"Kama ni nguo, ninayo. Kama ni habari mbaya, weka pale mlangoni, zimeshajaa."

Kimya akafunua shuka. Ndani ya beseni mlikuwa na vitabu saba, vimevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Bomba la darini lilikuwa limepasuka na rafu moja nzima imeoga. Ijumaa, akaeleza, wakaguzi wangekuja kutoka makao makuu kupitia rafu moja baada ya nyingine. Kitabu kinachofunguka na kusomeka kingebaki. Kilichoharibika kingefutwa kwenye orodha na kwenda shimoni kuchomwa.

"Wewe unanyoosha suti za mabwana harusi," akasema. "Karatasi itakushinda?"

"Karatasi haina kola. Acha hapo."

"Sharti moja tu, dada. Usiunguze. Ukurasa ukiungua, hata mmoja, kitabu hicho nakiandika kimekufa. Maji nitaweza kuwaeleza. Maji na moto kwa wiki moja, nitaanzia wapi?"

Kutoka chumba cha nyuma, kwenye povu, Wifi akatoa kichwa. "Huyu anasema nini? Mbona hasikiki? Au anakuposa?"

Kimya alitoka mbio, masikio yamemwiva.

Huyo Wifi tumjue mapema, maana bila yeye hakuna udobi. Mume wa Mama Pasi aliondoka miaka tisa iliyopita kwenda kununua betri za redio. Ni betri za namna gani, hajui mtu. Hadi leo hazijapatikana. Dada yake mume akaja kutoa pole, akakuta lundo la nguo za watu limefika kiunoni, akakunja mikono ya gauni, na hajaondoka tena. "Aliyekukimbia ni kaka yangu," alisema siku ile, "ukoo bado tupo." Tangu hapo mmoja anafua, mwingine anapiga pasi, na wote wawili wanamsengenya mtu mmoja kwa bidii ileile.

Vitabu sita vilikuwa vyembamba, vikanyooka kwa siku moja bila ubishi. Cha saba ndicho kilikuwa mwanamume. Kurasa mia nne, jalada gumu, kimeandikwa na msomi kuhusu historia ya maktaba, tangu watu walipoanza kuweka maandishi pamoja mpaka siku hizi. Mama Pasi alikipima mkononi kama anavyopima koti la baridi, akakilaza juu ya meza, akatafuta njia ya kukiingia.

Akaamua ni sketi ya marinda. Sketi ya marinda ina kanuni yake, na kanuni hiyo alifundishwa kwa makofi mpaka ikamkaa: unaanza rinda la mwisho kwenda la kwanza. Ukianza la kwanza, yanayofuata yatalilalia na kulikunja, na kazi yako ni bure. Basi akageuza kitabu, akaanza nyuma. Chini ya kila ukurasa kitambaa cha pamba, juu yake kitambaa cha pili, pasi ya mkaa iliyopozwa mpaka tone la mate likiidondokea lisilie, hesabu hadi kumi, inua. Halafu unasubiri ukurasa upoe kabla ya kugeuza, la sivyo unajikunja upya.

Huko kwenye kusubiri ndiko mambo yalipoanzia. Macho yana njaa yao. Dobi anayesubiri karatasi ipoe atatazama nini, dari?

Kwanza alikutana na faharasa, majina kwa mamia yamejipanga na namba zake. "Mwandishi gani huyu," akamwambia Wifi, "anaanza na orodha ya walioalikwa harusini?"

"Labda anataka kujua nani hatakuja."

Baada ya orodha yakaja marejeo, kisha sura ya mwisho, na sentensi zikawa zinafika mkia mbele kama mbuzi anayevutwa kurudi zizini. Maneno mengine hakuyaelewa. Msomi yule alikuwa wa aina ya kusema "hata hivyo" kabla hajasema kitu. Lakini Mama Pasi alikuwa ameishi na mume aliyesema mengi bila kueleweka, kwa hiyo hakutishika; aliyoyaelewa aliyachukua, mengine aliyaachia mvuke.

Na chini ya kurasa, kwa herufi za kuchungulia, akagundua tanbihi. Huko wasomi walikuwa wakirushiana maneno kama wake wenza. Fulani amedai hivi, dai lake halina ushahidi. Fulani mwingine hakuwahi kukiona kitabu anachokielezea.

"Wifi, njoo usikie. Ni umbea huu! Umbea wenye tarehe na namba ya ukurasa!"

Wifi akaja na mikono inayochuruzika. "Soma."

Toka saa hiyo, kila alipopita na ndoo aliuliza: "Yule mbishi wa huko chini ameshajibiwa?"

"Ameshajibiwa zamani. Sasa nasubiri atukane."

Siku ya Jumanne chumba kilianza kubadilika. Madirisha mawili madogo, meza ya mbao iliyoungua kona, waya uliokatiza ukuta hadi ukuta na nguo za watu zimetundikwa. Hivyo vyote vilibaki pale pale. Ila mvuke ulipopanda kutoka kwenye kurasa, Mama Pasi aliona kama maji yanaondoka na maneno machache, yanayapeleka kwenye mashati. Mashati yakasimama wima kwenye waya, mabega yamenyooka, kila moja na kikaratasi chake cha namba kifuani, yakawa wasomaji wanaosubiri kuhudumiwa. Sketi ya mwalimu ilikuwa inaomba kitabu cha nyota. Kaptula moja ilikuja kulala tu, kama wafanyavyo wengine.

Na mbele yake, rinda baada ya rinda, dunia ilikuwa inarudi nyuma. Jengo kubwa lenye lifti likashuka ghorofa moja moja mpaka likawa chumba. Taa za umeme zikapungua zikawa mishumaa. Vitabu vikaingia kwenye minyororo, vikafungwa rafuni kama mbwa wakali, halafu kurasa zikashikana ubavu kwa ubavu zikawa gombo refu. Mahali fulani watu walikuwa wanalia, wamesimama kwenye majivu. Mama Pasi alihesabu kumi, akainua pasi, akageuza. Majivu yakapanda. Yakatafuta paa, yakatafuta rafu, na kurasa mbili baadaye kila kilichokuwa kinaliliwa kilikuwepo, kizima, kimepangwa, na watu wanapita mbele yake hawajui chochote.

Akakung'uta kitambaa, kana kwamba majivu yamekiangukia.

"Wifi," akasema polepole, "kama maisha yangesomwa hivi, kaka yako angerudi. Kinyumenyume, na betri zake mkononi."

"Asirudi," Wifi akajibu kutoka kwenye povu. "Rafu imejaa."

Jumatano alifika kwenye sura ya wapangaji. Kumbe watu wazima, tena wenye ndevu, waligombana miaka na miaka juu ya namna ya kupanga vitabu: kwa ukubwa, kwa siku vilipofika, kwa rangi, au kwa mambo vinayoyasema. Mama Pasi alitazama waya wake. Maisha yake yote amepanga nguo kwa kufuata mwenye nguo: za mwalimu hapa, za muuguzi pale. Akaziangalia tena kwa macho mapya, na mikono yake ikaanza kazi bila kumuuliza. Upande wa dirisha akaweka nguo za furaha. Zikafuata za kazi. Zikafuata za wanaojifanya wana kazi. Mwisho kabisa, kwenye giza la kona, nguo nyeusi za kuzikia, na kati ya hizo na za furaha akaacha nafasi ya hatua moja, kwa heshima.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na akili. Muuguzi alipokuja saa tisa aliondoka na suruali ya fundi gari.

"Umefanya nini hapa?" Wifi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Shati la mzee wa duka liko wapi?"

"Kwenye wanaojifanya wana kazi."

Wifi akaangalia. Lilikuwepo. Akajizuia kucheka mpaka mabega yakamsaliti, kisha akarudisha kila nguo mahali pake, akinung'unika kuwa elimu ni kitu kizuri lakini ikae na wenyewe.

Alhamisi asubuhi zilikuwa zimebaki kurasa arobaini na moja. Mama Pasi hakusema kwa mtu, ila alikuwa amelala na hamu ya kurasa hizo kama mtu anayesubiri mgeni. Alitaka kufika pale vitabu vyote duniani vinapopungua hadi kikapu kimoja, na baada ya kikapu, kitu gani? Kabla ya kuwa na cha kuweka, mtu aliwaza nini mpaka akatafuta pa kukiweka? Hilo tu. Hakuwahi kutaka kujua kitu namna ile tangu aache shule, na siku ile hakuacha yeye, aliachishwa.

Kulikuwa na suti ya bwana harusi ya kumaliza kwanza. Aliijaza pasi mkaa mpya, akainyoosha suti mpaka ikawa na makali ya kumkata mtu, kisha akageukia kitabu.

Ukurasa ule ulizungumzia ukimya. Zamani, ulisema, maktaba zilikuwa na kelele. Msomaji alisoma kwa sauti, na aliyesoma midomo imefungwa alishangaza watu kama anayemeza bila kutafuna. Tanbihi ilisema si kweli. Tanbihi nyingine ikasema ni kweli kidogo. Mama Pasi akacheka, kisha akajistukia: yeye mwenyewe siku zote alisoma akinong'ona, kila neno linapita mdomoni kama uzi unavyolambwa kabla ya kuingia tundu la sindano. Akafunga midomo, ajaribu.

Neno likaingia bila kugusa ulimi. Likafuata la pili. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe na kukuta chumba ambacho hakukijua, kikubwa, chenye hewa, na sauti inayozungumza humo ni ya nani, si yake, si ya msomi, lakini inamjua. Waya, mashati, mtaa, vyote vikaenda mbali. Hata mkono wake wa kulia ukaenda mbali.

Kule nyuma Wifi aliacha kusuuza. Siku tatu amesikia mnong'ono ule kama bomba linalovuja, sasa umekatika. Akanusa.

"Wifi! Unachoma nini?"

Mama Pasi akanyanyua pasi. Ilikuwa bado na moto wa suti. Kitambaa kilikuwa kimetoboka, na katikati ya ukurasa wa arobaini na moja umekaa umbo la pasi, kahawia, ncha mbele na kisigino nyuma, safi kama mhuri wa ofisi. Mistari ya pembeni ilisomeka. Ya katikati ilikuwa imekwenda.

Wifi akasogea, akaukagua ukurasa kama anayekagua doa.

"Haya," Wifi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomtia Mama Pasi hofu zaidi. "Wembe uko kwenye kopo la vifungo. Ukate ukurasa, ukate vizuri, kwa ndani. Kitabu kina kurasa mia nne. Nani atauulizia mmoja? Kaka yangu alipotea mtu mzima, na nani aliuliza?"

Mama Pasi alichukua wembe. Aliuweka kwenye mshono, pale karatasi inapoingia mgongoni mwa kitabu. Kazi ya sekunde mbili kwa mtu anayefumua pindo kila siku. Kesho Kimya angekuja, angefungua hapa na pale, angenong'ona asante. Leo angesoma arobaini zilizobaki kwa raha zake.

Mkono ukagoma. Kulikuwa na tanbihi moja, sura ya saba. Msomi alisafiri siku mbili kwenda kuona kitabu cha zamani kwa ajili ya ukurasa mmoja tu, akakuta umekatwa. Hakulalamika. Aliandika tu kwamba mkono uliofanya hivyo haujulikani. Mama Pasi alikuwa ameulaani mkono ule kwa siku mbili, kwa kuwa hakuwa na jina la kulaani.

Akarudisha wembe kwenye kopo.

"Unakwenda wapi?" Wifi akauliza. "Kifunge kitambaa basi, usikibebe hivyo kama mtoto mgonjwa!"

Maktaba ilikuwa mwisho wa barabara, jengo la ghorofa moja lenye ngazi za saruji zilizoliwa katikati. Mapazia yake Mama Pasi aliyajua mpaka pindo, ameyafua miaka kumi. Ndani hakuwahi kupita kibaraza. Alikanyaga sakafu kama anayekanyaga shuka jeupe. Rafu zilisimama mbili mbili, zimeacha njia za mtu mmoja, na mwanga wa alasiri ulikuwa umelala kwenye kila njia. Juu, dari lilikuwa na doa kubwa la maji. Wasomaji watatu, vichwa chini. Aliona mabega yao na nusura azitafute namba vifuani.

Kimya alikuwa kwenye ngazi akipangusa rafu. Mama Pasi hakuzunguka.

"Nimekiunguza."

"Shh," Kimya akasema kwa mazoea, kisha neno likamfika. Akashuka. Akafungua kitabu mezani, akalitazama umbo la pasi, akaliwekea kiganja kama anayepima homa.

"Dada. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Mbona hukungoja kesho?"

"Kesho ungekuja na haraka zako. Nimekuja kukuomba muda wa saa mbili. Zimebaki kurasa arobaini. Nikae pale mezani nizimalize, halafu ukiandike kimekufa, sitabisha."

Kimya akamwangalia. "Unakisoma?"

"Sasa nilikuwa nakifanyia nini, nakitazama tu?"

Akafunua jalada la nyuma, pale panapobandikwa karatasi ya mihuri ya waazimaji. Karatasi ilikuwa nyeupe toka juu hadi chini. "Mimi ndiye niliyekiweka rafuni," akanong'ona. "Nimekipangusa vumbi miaka kumi na miwili. Hakuna aliyewahi kukitoa." Akasita. "Hata mimi sijakisoma. Kinasemaje?"

Basi Mama Pasi akamwambia. Hakuwa na namna nyingine ya kusimulia ila ile aliyoijua, akaanza na lifti na taa za umeme, akashuka nazo, akavifunga vitabu minyororo, akawasimamisha watu kwenye majivu, akayapandisha majivu yakawa rafu. Kimya alisikiliza mdomo wazi. Alipofika kwa msomi aliyejibu tusi kabla hajatukanwa, kitu kikamtoka Kimya kifuani. Kilikuwa kicheko, cha sauti, kizito, cha mtu mnene kuliko yeye. Wasomaji watatu wakanyanyua vichwa. Mmoja akamwambia: "Shh."

Kimya akafuta macho. Akavuta daftari la uharibifu, akaandika, huku akisoma alichoandika: "Ukurasa wa arobaini na moja. Umeunguzwa na pasi. Maandishi ya pembeni yanasomeka." Akaweka sahihi yake. "Hilo watalikuta, na nitalijibu mimi." Kisha akavuta kadi mpya. "Sasa jina kamili, dada, na mahali unapokaa."

"Polisi wanakuja?"

"Kanuni ya nane," akasema, na kwa mara ya kwanza Mama Pasi alimsikia bila kusogeza sikio. "Kitabu kilichoazimwa hakifutwi mpaka msomaji akirudishe. Nimeipiga taipu mimi mwenyewe. Wakaguzi wapitie rafu wanavyotaka." Akachukua mhuri, akaupumulia, akaugonga kwenye ile karatasi nyeupe. "Siku kumi na nne. Unaruhusiwa kuongeza."

"Mara ngapi?"

"Kanuni haisemi."

Alirudi na kitabu kifuani, njia ileile, ingawa nyumba zilionekana zimesogezwa kidogo ili apite. Wifi alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu. Ungejua kwa jinsi mikono yake ilivyokauka.

"Wamekichukua?"

"Nimeazimwa."

"Umeazimwa wewe au kitabu?"

"Bado sijajua."

Wifi akakipokea, akakilaza mezani pale penye mwanga, akakifungua kwenye ukurasa wa arobaini, bado umekunjamana na ubichi wake. Akachukua kitambaa kipya. Mama Pasi alipoinyooshea mkono pasi, Wifi akakipiga kofi kiganja chake.

"Wewe! Mtu mmoja hapigi pasi akasoma, umeshaona mwenyewe. Kaa kule." Akatema mate kidogo kwenye chuma, akasikiliza, hayakulia. Akashusha pasi kama anayemlaza mtoto. "Moja. Mbili. Tatu..."

Mama Pasi alivuta kigoda, akaketi upande wa pili wa meza, kidevu juu ya mikono, macho kwenye karatasi iliyokuwa inanyooka.

"...kumi. Haya, kinaanzaje hiki kitabu?"

"Sijafika huko, wifi yangu," akasema Mama Pasi. "Geuza."